Ujima Haulipwi

Voahirana aliamini kwamba anafanya jambo jema, na hilo ndilo lililomponza. Wanawake wa ujima walikuwa wamemaliza kupanda jaruba lake la juu, wakateremka kijitoni kuosha tope miguuni, na chungu cha wali kilikuwa kinawangoja mkekani pamoja na kisamvu chenye nyama ya nguruwe. Kabla hawajaketi, akapita kwa kila mmoja akimtia noti mkononi. Zilikuwa noti mpya za ariari, bado zina ugumu, zimetoka kwenye mradi wa kampuni ya mgodi.

"Hii nini?" aliuliza Bibi Honorine, kiongozi wa ujima, ambaye alikuwa ameinama na kuinuka katika kila jaruba la kijiji cha Ambodizozoro tangu akiwa msichana.

"Ni ya kwenu, Bibi. Mradi umetoa fungu la wapandaji. Nikasema nisile peke yangu."

"Fungu la nini?"

"La kazi. Ya kupanda."

Bibi Honorine aliigeuza ile noti upande mmoja, akaigeuza upande wa pili. "Baba mkwe wako alipokufa mpunga ukiwa shambani, nani aliuvuna?"

"Ninyi, Bibi."

"Mama mkwe wako alitulipa?"

"Hapana."

"Basi kumbe alitudhulumu. Maana wewe leo umetuonyesha bei yetu."

Akaiweka noti juu ya tuta, akaigandamiza kwa bonge la tope ili upepo usiichukue, kisha akachukua kofia yake ya mafunjo akaondoka. Wengine wakafuata mmoja mmoja, kila mtu na bonge lake. Wa mwisho alikuwa Lalaina, rafiki wa Voahirana tangu utotoni, ambaye mwanawe alikuwa na homa na ambaye angejua pa kuipeleka noti ile. Aliishika kwa muda mrefu kuliko wote. Halafu naye akainama, akaiweka, akaenda zake bila kumtazama usoni.

Wali ulibaki vile vile, haujaguswa hata ukingoni. Kwetu, mtu akiondoka shambani kwako bila kula, amekutukana matusi yasiyohitaji mdomo.

*

"Nilikwambia uziweke hizo hela kwenye kopo," alisema mumewe, Tsilavo, jioni ile.

"Hukuniambia."

"Niliwaza kukwambia."

"Basi nilipaswa kukusikia ukiwaza, Baba Fitia."

Mama mkwe, Baovola, alikuwa ameketi karibu na meko akichochea kuni, na midomo yake ilikuwa imekazwa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, ila yale machache aliyachagua yenye miiba. "Ujima haulipwi," alisema. "Mtu anakupa mgongo wake, wewe unampa mgongo wako. Ukimpa hela, umemwambia hutaki tena kuinama kwake."

"Sikumaanisha hivyo, Mama."

"Najua. Na wao wanajua. Hasira haingoji maana."

Tsilavo alikuwa akipiga hesabu ya hatari waliyomo, na hesabu hiyo kijiji kizima kiliijua. Kampuni inachimba nikeli kule mlimani. Imefyeka msitu, na kwa kuwa imefyeka kule ikatakiwa ihifadhi mahali pengine, na mahali pengine penyewe ndipo kwetu, kwenye kinamasi cha Antsahazozoro. Watu walicheka sana mwanzoni. Wenyewe wanageuza mlima kuwa shimo, kisha wanakuja kutuambia sisi tusiguse tope! Lakini kicheko hakikuficha ukweli kwamba tope lenyewe lilikuwa linakauka. Kila nyumba ilikuwa imechimba mtaro wake ili ikaushe kipande cha kinamasi na kupanda mpunga, na kila mtaro mpya ulipochimbwa, vijito vya chini vilipungua, mikunga ikapotea, na mafunjo ya kusukia mikeka yakafupika mpaka yakafaa kusukia kofia tu.

Mradi ukasema: zibeni mitaro, pandeni juu, kwa njia mpya, tutawasaidia. Wazee wakajibu kwa busara ya watu waliokwisha kuahidiwa mengi: aanze mmoja, tumwone. Tsilavo ndiye aliyejitokeza. Mtaro wake, mkubwa kuliko yote, ukazibwa kwa mawe na udongo, na jaruba lake la kinamasini likarudi kuwa maji. Makubaliano yalikuwa wazi. Baada ya mavuno kutakuwa na mkutano. Nyumba ya Tsilavo ikipata mpunga wa mwaka, mitaro yote itazibwa. Ikikosa, mitaro yote itafunguliwa, wa kwake ukiwa wa kwanza, na gari la mradi litafute njia ya kurudi mjini.

"Mpunga ukikubali na mikono ikakosekana," alisema Tsilavo, "itakuwa ni sawa na haukukubali."

Voahirana alikuwa anafunika chungu kile cha wali, na machozi yalikuwa yanamtoka.

*

Njia mpya ilikuwa na aibu yake. Badala ya kuchomeka fungu la miche iliyokomaa, wanachomeka mche mmoja mchanga, mbali na mwenzake, kwa mistari iliyonyoshwa kwa kamba. Wiki za kwanza jaruba lilionekana maji matupu. Wapita njia wakapata la kusema.

"Tsilavo, huu mpunga umeupanda au ulikudondoka ukiwa unapita?"

"Jamani msimcheke, shamba limeshikwa na upara. Ni ugonjwa wa ukoo."

Tsilavo, ambaye kweli nywele zilikuwa zimeanza kumkimbia kwenye paji, alicheka nao kwa sababu hakuwa na namna. Ila kejeli ilikuwa afadhali. Kilichouma zaidi ni kimya. Zamu za palizi zilipangwa na hakuna aliyekuja kumwambia Voahirana ni lini na ni kwa nani. Alikuwa akisikia nyimbo zikitoka jaruba la jirani, akajua wako pale wote, na yeye yuko kwake na mume wake, wakisukuma kile kijembe cha magurudumu yenye meno walichoazimwa na mradi, mbele na nyuma, mpaka mabega yanakataa kuinuka.

Tsilavo alijaribu njia ya kiume. Akanunua chupa ya gongo zuri, akavaa shati lake la kanisani, akaenda kwa Bibi Honorine kuomba radhi. Bibi alimkaribisha, akampa kigoda, akasikiliza hotuba yote yenye methali zake. Kisha akaitazama chupa.

"Na hii ni bei gani?" aliuliza.

Tsilavo alirudi na chupa yake chini ya kwapa, na watoto wa njiani walimwona.

Haingo, bwana shamba wa mradi, kijana kutoka Antananarivo mwenye moyo mwema na viatu vizuri, hakuelewa shida iko wapi. "Lakini dada, hukukosea. Mtu akifanya kazi analipwa. Ndiyo haki."

"Mama yako alikulipisha kukubeba?" aliuliza Voahirana.

"Hiyo ni tofauti."

"Huku si tofauti sana."

Wakati huo mpunga, usiojua ugomvi wa watu, ulikuwa unafanya kazi yake. Kila mche uliokuwa peke yake ukazaa machipukizi, machipukizi yakazaa mengine, na shina moja likawa kichaka. Kufikia kutoa masuke, maji hayakuonekana tena. Wapita njia wakaacha kusema upara. Wakaacha kusema chochote. Walipunguza mwendo tu walipofika pale, wakatazama, wakaendelea.

*

Majaruba ya chini ndiyo yaliyoanza kuiva. Asubuhi moja Voahirana alichukua mundu wake, akamwachia Baovola mtoto, akafunga shuka kiunoni.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Tsilavo.

"Kwa Bibi Honorine. Leo wanavuna kwake."

"Amekuita?"

"Hapana."

"Mama Fitia, mbona unataka kuongeza aibu juu ya aibu?"

"Maneno yako hayakufaa na gongo lako halikufaa. Kilichobaki ni mgongo."

Alifika wakati mstari umekwisha kupangwa. Hakuna aliyemsalimu. Akaingia mwishoni kabisa, kando ya tuta ambako nyasi huchanganyika na mpunga na kukata ni taabu, akainama. Waliimba, yeye akaitikia kwa sauti ndogo. Mwanamke mmoja, mke wa mwenye duka, akasema kwa sauti ya kusikika, "Leo tumepata kibarua. Sijui anachukua bei gani." Wengine wakacheka. Voahirana alihisi masikio yake yanawaka moto, akaendelea kukata.

Chakula kilipoiva, sahani ziligawiwa, na hakukuwa na yake. Aliketi upande wake wa tuta akinoa mundu ambao haukuhitaji kunolewa. Harufu ya maharage ilimfikia, tumbo likamzomea, na alitamani ardhi immeze, maana hakuna upweke kama wa mtu mwenye njaa karibu na watu wanaokula. Walipomaliza akaingia tena mstarini. Jioni akarudi nyumbani, akala ugali wa muhogo uliobaki, akalala bila kusimulia.

Kesho yake akaenda kwa mke wa mwenye duka, yule yule wa kejeli. Kisha kwa Lalaina, ambaye alimsogelea polepole mstarini, kama anayefuata mpunga tu, mpaka viwiko vyao vikagusana.

"Mtoto alipona?" aliuliza Voahirana bila kuinua kichwa.

"Alipona."

"Nafurahi."

"Ulinikasirisha sana, wewe."

"Najua."

"Nilizihitaji zile hela. Ulinifanya nizione halafu nizikatae. Ndiyo maana nilikasirika kuliko wote." Lalaina alikata mashina mawili matatu, akapangusa jasho. "Ila unakata vibaya. Shika chini zaidi."

Siku hiyo pia hakupewa sahani. Lakini baada ya chakula, Bibi Honorine alimimina maji moto kwenye chungu kilichotoka kupakuliwa wali, akayakoroga yakachukua harufu ya ukoko, akanywa kidogo kutoka kikombe chake mwenyewe. Halafu akatembea juu ya tuta na magoti yake mabovu, akamkabidhi Voahirana kikombe kile kile.

"Kunywa," alisema. "Utaanguka, utuharibie mpunga wa watu."

Voahirana alikunywa maji yale ya ukoko mpaka tone la mwisho. Bibi alisimama akingoja kikombe chake, akakichukua, akarudi.

*

Redio ikatangaza kimbunga. Kilikuwa baharini bado, kingefika nchi kavu Alhamisi, na mpunga wa Voahirana ulikuwa umeiva, masuke yameinama kwa uzito. Alhamisi kwetu ni mwiko kuingia jarubani, iwe mvua iwe jua. Wazee wetu waliukataza mguu wa mtu kwenye mpunga siku hiyo, na hakuna aliyewahi kuthubutu kujua kitatokea nini. Kwa hiyo iliyobaki ilikuwa Jumatano.

Jumanne jioni Voahirana alipita nyumba kwa nyumba kama desturi inavyotaka. Alisimama kila mlangoni akasema, "Kesho navuna." Hakuomba, kwa sababu haombwi mtu. Na kila mlangoni alijibiwa neno moja: "Tumesikia."

"Tumesikia maana yake wanakuja?" aliuliza Tsilavo.

"Maana yake wamesikia."

Alfajiri walikuwa jarubani, mke na mume. Mawingu yalikuwa yameshalala juu ya vilima. Jua lilipanda nyuma ya mawingu hayo na tuta lilikuwa tupu. Kilichofika kwanza ni gari la mradi, likiyumba kwenye matope, na nyuma yake wameketi vijana wa mjini waliovaa vizibao vya rangi ya chungwa.

Haingo akaruka chini. "Dada, nimesikia redio, sikulala. Nimekuletea watu. Mradi unalipa. Kabla ya mvua watakuwa wamemaliza." Alikuwa na furaha ya dhati, masikini, na wala hakuwa anamdanganya. "Wiki ijayo wakubwa wa kampuni wanakuja. Mpunga huu ukilala kwenye maji, mkutano umekufa na kinamasi kimekufa."

Tsilavo alishusha pumzi. "Mungu akubariki, mdogo wangu. Waingie upande huu."

"Wasiingie," alisema Voahirana.

Wote wawili walimgeukia.

"Mama Fitia."

"Hawa wakiingia, wale hawatakuja. Si leo, si mwakani. Nitakuwa nimewaonyesha bei mara ya pili."

"Wale hawapo! Angalia tuta. Unaona mtu? Mimi naona mawingu." Sauti ya Tsilavo ilikatika. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, na kupaza kwenyewe kulimuumiza. "Nilizibisha mtaro wangu mbele ya watu wote. Nilikubali kuitwa kipara. Mpunga huu hapa, mzuri kuliko wowote niliowahi kuuona, na wewe unataka uozee shambani kwa ajili ya watu waliokunyima sahani?"

"Nataka tule mwaka huu na mwaka ujao. Hawa vijana watakuja mwaka ujao?" Alimgeukia Haingo. "Mradi ukiisha, watakuja?"

"Mradi una miaka mitatu," alisema Haingo.

"Basi wakae garini, ndugu yangu. Nisamehe."

Akaingia jarubani na mundu wake. Hakuwa na uhakika wowote. Aliogopa kama mtu yeyote angeogopa. Tsilavo, juu ya tuta, akatema mate, akasema maneno ambayo hayafai kuandikwa, kisha akaingia akainama upande wa mke wake.

Walikuwa wamekata kipembe kimoja tu waliposikia wimbo.

Walitokea upande wa chini, njia ya kinamasini, kwa mstari mmoja juu ya tuta jembamba, kofia za mafunjo zikifuatana. Bibi Honorine ndiye aliyetangulia. Nyuma yake Lalaina, nyuma yake mke wa mwenye duka, na nyuma yao si wanawake tu. Wanaume walikuwa wamekuja na kamba na miti ya kubebea. Walikuwa wamechelewa kwa sababu walianza kwa kutandua jamvi la kanisa ili wapate la kufunikia mpunga, na padri alikuwa amebisha.

Bibi alifika, akaviangalia vizibao vya rangi ya chungwa. "Hawa ni nani?"

"Wageni wa Haingo," alisema Voahirana.

"Wamelipwa?"

"Bado, Bibi," alijibu Haingo haraka.

"Hapo sawa. Anayetaka kushika mundu ashike, atakula nasi. Anayetaka hela akae garini aangalie mvua." Kisha, akimtazama Haingo miguuni, "Na wewe vua hivyo viatu, mwanangu. Jaruba si ofisi."

Haingo alivua viatu. Vijana wa mjini walitazamana, wakacheka, na mmoja mmoja wakateremka, kwani nao walikuwa wamezaliwa vijijini kama sisi na mikono yao haikuwa imesahau. Bibi Honorine aliinama kwenye shina la kwanza. Akalizungushia mikono yote miwili, na vidole vyake havikukutana. Alibaki ameinama hivyo kwa muda, akiwa ameshika mpunga kama anayemshika mtoto mashavu.

"Huyu ni mche mmoja?" aliuliza.

"Mmoja, Bibi. Mlipanda wenyewe."

"Kweli," alisema Bibi, na uso wake ukafunguka. "Tulipanda wenyewe."

Wakavuna. Mstari ulikwenda kutoka tuta hadi tuta, wanaume wakipandisha miganda mlimani mbio mbio, wakitaniana, wakimwita Tsilavo kipara kwa mapenzi mapya. Baovola alileta chungu kikubwa kuliko kile cha siku ya kupanda, cha kuazima, na safari hii kilikwanguliwa mpaka chini. Mvua ya kwanza ilidondoka wakati mganda wa mwisho unaingia ghalani. Voahirana alisimama mlangoni, amelowa, akiangalia ghala lililojaa mpaka kwenye boriti, akacheka peke yake kwa sauti kama mwendawazimu.

*

Kimbunga kilipiga Alhamisi na Ijumaa. Kiling'oa mabati na migomba. Lakini maji yaliyoteremka mlimani yaliingia kinamasini, yakatulia humo, na pale ambapo mtaro wa Tsilavo ulikuwa umezibwa hayakupata njia ya kukimbilia. Majaruba ya chini, ambayo kila kimbunga huyafukia kwa mchanga, yalibaki majaruba.

Wakubwa wa kampuni walikuja wakakuta mabua matupu. Walikuwa na mpiga picha, na walikuwa na bango kubwa lenye jina la kampuni, la kusimikwa katikati ya jaruba.

"Bango zuri," alisema Bibi Honorine mkutanoni, watu wote wakiwa wameketi. "Lakini si la hapa. Mlitoa hela ya kuziba mtaro, na mtaro umeziba vizuri, tunawashukuru. Lisimikeni kule kwenye mtaro. Mpunga huu una wenyewe."

Mkubwa mmoja alitafsiriwa, akatabasamu kwa tahadhari, akakubali. Ndipo mzee wa kijiji akauliza lile swali lililowaleta: mitaro ifunguliwe au izibwe? Watu waliangaliana, kila mmoja akimpima mwenzake, kwa kuwa kuacha jaruba la baba yako liwe maji si jambo dogo.

Bibi Honorine hakuketi. "Wangu uzibwe kesho," alisema. "Nina kipande kule juu, kichaka kitupu, mume wangu alikiacha. Ila mimi magoti yangu hayawezi kuchomeka mche mmoja mmoja kwa kamba." Akageuka, akamtafuta Voahirana katikati ya watu mpaka akampata. "Msimu ujao, zamu ya kwanza ni kwangu. Nimesema."

Mikono ikaanza kuinuka, Lalaina wa kwanza, halafu mwenye duka na mke wake, halafu hata wale ambao mitaro yao ilikuwa bado mipya.

Voahirana alisimama. Alikuwa analia waziwazi mbele ya kijiji na mbele ya wakubwa wa mgodi, wala hakujisumbua kujifuta.

"Tumesikia," alisema, na mkutano mzima ukaangua kicheko.